Kabla ya kumtafuta mgombea mmoja, hesabuni viti maalum

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, simu yangu huanza kuita, na maneno huwa yale yale: "Wakili, tunataka kuungana, tuandikie makubaliano." Mimi ni wakili hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mambo ya uchaguzi: fomu za uteuzi, pingamizi, rufaa za wagombea udiwani, kesi za ubunge. Sina kadi ya chama, na wateja wangu wametoka vyama ambavyo vyenyewe kwa vyenyewe haviamkiani. Wakishaketi, jambo wanalotaka kulijadili mpaka usiku ni moja tu, nani awe mgombea urais. Kwa maoni yangu hilo ndilo jepesi kuliko yote yatakayokuja mezani. Muungano wa vyama hapa kwetu unasimama au unaanguka kwenye kura za ubunge, na hasa kwenye swali la kura hizo zinaandikwa kwa jina la chama gani.

Najua mtanitajia Kenya. Mwaka 1992 Moi alibaki Ikulu kwa asilimia 36 tu ya kura, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kila mmoja alishika njia yake. Mwaka 2002 Raila akatamka "Kibaki tosha", muungano wao wa NARC ukazoa asilimia 62, KANU ya Moi ikatoka. Mtanitajia na Malawi: 2019 Rais Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38, Chakwera akiwa na 35 na Chilima 20. Mahakama ikaufuta uchaguzi ule na kuagiza mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, wawili hao wakaungana, na Juni 2020 Chakwera akashinda kwa karibu asilimia 59. Mifano mizuri, hata mimi huitumia. Lakini itazameni tena. Kote huko wapinzani walikuwa tayari ni wengi kuliko aliye madarakani, kilichokosekana ni kujumlisha.

Kwetu, kwa matokeo yaliyotangazwa, jumla hiyo haijawahi kutosha. Mwaka 1995 Mkapa wa chama tawala, CCM, alipata asilimia 61.8. Mrema, Lipumba na Cheyo ukiwaweka kwenye kapu moja hawafiki 40. Mwaka 2010 Kikwete alivuka 60 huku Dk. Slaa akiwa na 27 na Lipumba 8. Hata 2015, upinzani ulipoungana kuliko wakati wowote chini ya UKAWA (CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD), Magufuli alitangazwa kwa asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Anna Mghwira, aliyekuwa nje ya muungano, hakufika hata asilimia moja, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwamba aligawa kura za urais. Na kwa kuwa tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 anayeongoza ndiye mshindi, apate nusu asipate, hakuna duru ya pili ya kuwapa watu nafasi ya kupatana baadaye. Mkichelewa kupatana, mmechelewa.

Faida ya UKAWA, basi, tuitafute bungeni. CUF mwaka 2010 ilikuwa na majimbo 2 tu upande wa bara, Lindi Mjini na Kilwa Kusini. Mwaka 2015 yakawa 10, na la kwetu Tanga Mjini lilikuwemo, pamoja na Mtwara Mjini, Temeke, Kinondoni na Kaliua. Wanaokumbuka kampeni zile za uwanja wa Tangamano wanajua kazi ilikuwa nini: kumfundisha mpiga kura kuchanganya. Karatasi ya urais weka tiki CHADEMA, ya ubunge CUF, ya udiwani CUF. Mzee aliyezoea kupiga chama kimoja toka juu mpaka chini hilo si jambo dogo kumwambia, na mabalozi wa vyama vyote viwili walipita nyumba kwa nyumba kulieleza. Matokeo yakaonyesha kuwa watu walielewa.

Sasa mtazameni mshirika mdogo. NCCR-Mageuzi iliingia bungeni 2010 ikiwa na majimbo 4, yote ya Kigoma. Baada ya uchaguzi wa UKAWA ikabaki na jimbo 1, la Vunjo. Na viti maalum? CHADEMA ilipata 36, CUF 10, NCCR hakuna. NLD haikupata kitu kabisa. Hii si kwa sababu mtu aliwadhulumu. Ibara ya 78 ya Katiba inasema viti maalum vya wanawake vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za wabunge. Ukimwachia mwenzako jimbo, humwachii jimbo peke yake. Umemwachia kura zote za jimbo lile, na kwenye daftari la Tume zinaandikwa zake. Ukiacha majimbo mengi, unateremka chini ya hiyo asilimia 5, na hapo kina mama wa chama chako wanakosa hata kiti kimoja. Ruzuku ambayo vyama hupewa na serikali nayo inafuata njia hiyo hiyo, maana hesabu yake imefungwa kwenye wabunge na kura. Chama kikipoteza ruzuku, ofisi ya wilaya ndiyo ya kwanza kufungwa, kisha simu ya katibu haipatikani, kisha mnashangaa kwa nini mshirika wenu "kahongwa".

Katika kikao kimoja kwenye ukumbi wa kukodi Ngamiani niliona haya yakielezwa kuliko ninavyoweza kuyaeleza mimi. Ukutani ilibandikwa karatasi ya manila kwa solotepu, majina ya kata yamepangwa kwa maka peni nyekundu na bluu, makatibu wanavutana juu ya jimbo moja la jirani. Kahawa imeshazunguka mara kadhaa. Mwenyekiti wa kina mama wa chama kidogo kabisa pale, mama wa makamo, alikuwa kimya tangu asubuhi. Akanyoosha mkono.

"Wakili, samahani mwanangu. Tukiwaachia hawa jimbo, kura zetu zitaandikwa kwa nani?"

"Kwa chama chenye mgombea, mama."

"Na viti maalum vinatoka wapi?"

"Kwenye kura hizo hizo."

"Kumbe mnachogawana hapa ni mimi."

Katibu wa chama kikubwa alicheka, akaona wenzake hawacheki, akaomba kikao kiahirishwe. Kilipoanza tena, ajenda ilikuwa imebadilika, na kwa mara ya kwanza siku ile nilipata kitu cha kuandika.

Dawa zipo, ila hakuna iliyo tamu. Ya kwanza inayotajwa ni kuwaingiza kina mama wa mshirika kwenye orodha ya viti maalum ya chama kikubwa. Inawezekana, kwa sharti kwamba wahame chama kweli kweli, wachukue kadi. Kuanzia hapo ni wanachama wa huko, na wakifukuzwa uanachama ubunge nao umekwenda. Vile vile mgombea mwenza lazima atoke chama kimoja na mgombea urais. Ndiyo maana 2015 Juma Duni Haji alilazimika kutoka CUF na kujiunga CHADEMA ili asimame na Lowassa. Mtu mzima, kiongozi wa miaka mingi, anabadilisha kadi kwa ajili ya fomu. Na njia waliyotumia Gambia 2016, Adama Barrow kujitoa chama chake na kusimama kama mgombea binafsi ili asiwe wa chama chochote, kwetu imefungwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, pamoja na kwamba Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Dawa ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kumpa mshirika mdogo majimbo ya kugombea hata pale ambapo hatarajiwi kushinda, lakini kura zipo nyingi. Chama kikubwa huwa hakitaki kusikia hili. Kinataka kumpa mdogo majimbo mabovu, yale ambayo upinzani wote haujawahi kupata kura za maana, halafu kinamwita mshirika. Mimi husema: chukueni kura za ubunge za uchaguzi uliopita, jimbo kwa jimbo, mpige hesabu mdogo wenu anahitaji majimbo gani ili avuke asilimia 5, na hayo yawe ya kwanza kujadiliwa. Ruzuku ni ngumu zaidi kugawana, kwa sababu ni fedha ya umma na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anaikagua. Haiwezi kupita mkononi kwa kupeana bahasha baada ya uchaguzi. Kinachowezekana ni kugawana gharama kabla: nani analipa mawakala, nani anabeba magari na vipaza sauti, nani anagharimia kesi.

Kuna watakaosema tuwaache wote wagombee, mwenye nguvu atajulikana. Segerea 2015 walifanya hivyo. Julius Mtatiro wa CUF na Anatropia Theonest wa CHADEMA, wote wa UKAWA, walisimama jimbo moja, na kura zao wawili zilizidi za mgombea wa CCM aliyeshinda. Sijui mfano mwingine wa kueleweka haraka kuliko huo.

Kwenye kuachiana, tatizo kubwa ninaloliona mimi kama wakili ni pingamizi. Mmekubaliana vyama vitatu kumwachia mtu mmoja, fomu yake ikawa na kasoro, jina limekatwa. Vyama vitatu havina mgombea, na mgombea wa upande wa pili anabaki peke yake kwenye karatasi. Kwa hiyo washauri wengi, nami nimo, huambia mshirika achukue fomu vile vile na kurudisha, kisha ajitoe wa kwanza akishapita salama. Tatizo ni kwamba muda wa kujitoa kisheria ni mfupi mno. Ukipita, jina linachapwa kwenye karatasi, na kuna wagombea wa akiba ambao wakiliona jina lao limepita husahau kwamba walikuwa wa akiba. Barua ya kujitoa iliyosainiwa mapema na kuwekwa kwa katibu mkuu haisaidii kama mwenyewe akiikana mbele ya msimamizi.

Mawakala ndiyo sehemu ambayo muungano unaweza kuleta faida bila ugomvi. Wakala anaingia kituoni kwa sababu chama chake kina mgombea katika uchaguzi ule. Mkiondoa wagombea wote isipokuwa mmoja, mnabaki na jozi moja ya macho kituoni. Lakini mkimwachia mshirika mdogo agombee udiwani katika kata ile, wakala wake yumo ndani, anaona sanduku, anadai nakala ya matokeo. Fomu 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani: kesi nilizoona zikifa, nyingi zilikufa kwa kukosa nakala hizo.

Halafu kuna tarehe. UKAWA ilizaliwa Dodoma mwaka 2014 kwenye Bunge Maalum la Katiba, na makubaliano yakasainiwa Jangwani Oktoba mwaka ule, mwaka mzima kabla ya uchaguzi, wakati sheria haikuwa na utaratibu wowote wa vyama kushirikiana. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yaliuweka, na yanataka makubaliano yafikishwe kwa Msajili miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2020 CHADEMA na ACT-Wazalendo walifika mezani muda huo umeshapita. Ikawa ACT wana mgombea wao, Bernard Membe, kwenye karatasi, huku viongozi wao wanatangaza hadharani kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA, na CHADEMA wanamuunga mkono Maalim Seif wa ACT kwa urais wa Zanzibar. Msajili akawaonya. Wapiga kura niliozungumza nao Makorora walikuwa wanauliza kama Membe kajitoa au hajajitoa.

Na hata mkishika tarehe, watu hubadilika. CUF yenyewe ilipasuka kuanzia 2016, baada ya Lipumba kurudi kwenye kiti cha uenyekiti alichokuwa amekiacha. Machi 2019 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wa kumtambua Lipumba, Maalim Seif akaondoka na watu wake kwenda ACT, "shusha tanga, pandisha tanga". Katikati hapo wabunge wa Temeke, Kinondoni na Liwale walikuwa wameshahamia CCM "kuunga mkono juhudi". Hakuna kifungu ninachoweza kuandika cha kumzuia mbunge kuhama. Ninachoweza ni kuandika kwamba jimbo likibaki wazi, kwenye uchaguzi mdogo chama gani kinasimamisha mgombea. Makubaliano mengi niliyoyapitia hayasemi neno juu ya hilo.

Sitajifanya kwamba hesabu hizi zinatosha. Zinadhani kuwa wagombea watakuwepo kwenye karatasi na kura zitahesabiwa mbele ya mawakala. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwepo kwenye karatasi kabisa baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa. Vyama viwili ambavyo ndivyo vingekuwa nguzo ya muungano wowote vikawa nje ya kinyang'anyiro cha urais wa Muungano. Kama mambo yatabaki hivyo 2030, kazi yangu itakuwa ya makaratasi tu, na nitawaambia wateja hivyo kabla hawajanilipa.

Kwa wanaotaka kuanza sasa, nawaomba msije ofisini na jina la mgombea urais. Njooni na nakala zenu za 21B, kata kwa kata, za uchaguzi wa 2015 na wa 2020, tuone kila chama kilikuwa na nini mkononi. Waliokwisha kuja wameleta picha za simu, nyingine hazisomeki, na mmoja ameleta orodha aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi, ambayo kila kata wameshinda wao.