Picha za Wahitimu kwenye Ukuta wa Chokaa

Nikiingia kwenye maonyesho ya wahitimu wa sanaa hapa Bagamoyo, natazama ukuta kabla ya picha. Majengo ya kale ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukigongelea msumari, lipu inamomonyoka. Ukileta drili ya kugonga ndiyo unabomoa kabisa. Dawa ni kuuacha ukuta: funga bomba juu kwenye boriti, ning'iniza kwa waya usioshika kutu. Wanafunzi wanapenda mshipi wa kuvulia kwa kuwa hauonekani. Tatizo, nailoni huvutika ikibeba uzito na fundo lake huteleza. Asubuhi picha iko sawa, jioni imeinama.

Kitovu cha picha kikae sentimita 150 kutoka sakafuni. Picha ya kimo cha sentimita 80, ambayo waya wake wa nyuma ukivutwa unafika sentimita 10 chini ya ukingo wa juu, ndoano yake iwe 180: yaani 150, jumlisha 40, toa 10. Tumia ndoano mbili, si moja, haitacheza.

Unyevu ni kesi nyingine. Masika kanvasi hulegea ikafanya mawimbi. Gonga kabari za pembe za fremu taratibu, kila moja kidogo. Fremu nyingi za mafundi seremala wetu hazina kabari, zimepigwa misumari tu. Hapo hakuna ujanja, ng'oa pini uiwambe upya. Kazi ya karatasi isigusane na kioo, itaganda na ukungu utaanzia hapohapo. Iwekee kadi ya kingo, yaani karatasi ngumu iliyokatwa katikati kama fremu, itenganishe. Nyuma ya pembe za chini bandika vipande vya kandambili kuukuu, unene milimita 5 hivi, hewa ipite.

Rangi nzito ya mafuta iliyomalizwa wiki mbili kabla ya ufunguzi imekauka ngozi tu, ndani bado mbichi. Vanishi ya kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Anayeipaka usiku wa kuamkia ufunguzi anajitafutia nyufa, na vumbi la mgeni wa kwanza.

Vibandiko navyo: jina, mwaka, vifaa, kimo kisha upana, bei. Kuandika “vifaa mchanganyiko” ni uvivu. Sema mkaa, gundi ya mbao, gunia la katani. Selotepu haishiki kwenye chokaa inayotoa unga, kwa hiyo bandika karatasi kwenye kipande cha hadibodi, ukitundike kwa waya uleule.