Bata bukini wa Himalaya hapandi juu ovyo

Kila nikisema kazi yangu ni kuchunguza mabata bukini wanaohama, sikosi kuulizwa: eti kweli wanapita juu ya Everest? Anayezungumziwa ni yule wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi kisogoni, kama vile mtu kampaka masizi kwa kidole. Jibu langu huwapoza watu. Wapanda milima wamesimulia hivyo, lakini mabata waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia hawakufika huko. Aliyepanda kuliko wote alifikia mita 7,290, na hata kuvuka 7,000 ni nadra.

Mimi wanachokifanya hasa ndicho kinachonistaajabisha. Wakiondoka India baridi ikiisha, kwenda kutaga Tibet au Mongolia, hawapandi mara moja wakabaki huko juu. Wanafuata sura ya ardhi: mlima ukiinuka wanainuka nao, bonde likishuka wanashuka nalo, ingawa mbele watalazimika kuupanda upya mwinuko ule ule. Utadhani ni hasara. Lakini hewa ya juu ni nyepesi mno, bawa linakosa cha kusukuma. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba bata akiongeza mapigo ya mabawa kwa asilimia 5 tu, nguvu anazotumia hupanda kwa asilimia 41 hivi. Bora ashuke. Ndiyo maana pia hupenda kuvuka usiku na alfajiri, ubaridi unapoifanya hewa iwe nzito kidogo.

Mwili nao umeumbwa kwa safari hiyo: himoglobini yao, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huinasa oksijeni hiyo vizuri kuliko ya jamaa zao wa nchi tambarare, na misuli ya kifua imejaa vimishipa vya damu.

Wakifika, hutaga kwa makundi, mara nyingi visiwani katikati ya maziwa. Msongamano huo una gharama yake. Mwaka 2005 mafua ya ndege yaliua maelfu ya ndege Ziwa Qinghai, nchini China, wengi wao mabata hawa.

Baada ya vifaranga kuanguliwa, wazazi hupukutisha manyoya ya kurukia yote kwa mpigo. Kwa wiki kadhaa ndege aliyevuka Himalaya hawezi kuruka hata kijito, anatimua mbio kuelekea majini. Hapo ndipo hukamatwa na kufungwa vifaa. Ana kilo mbili na ushei tu, na bawa limebaki kama kijiti, lakini likikupiga kifundoni mwa mkono utaachia.