Mwenye Hisa Si Mwenye Meli

Wiki hii tena mteja amekuja na hati ya hisa mkononi, anataka nizuie meli bandarini "kwa sababu ni yangu". Ana asilimia 40 ya kampuni inayoimiliki. Meli si yake. Nimelisema hili hadi koo limekauka, basi leo nawarudisha karne nzima nyuma, kwenye meli za mafuta za Wajerumani.

"Aliyetoa mtaji ndiye mwenye meli." Dhana hii potofu ndiyo inayonichosha kuliko zote. Deutsch-Amerikanische Petroleum Gesellschaft ilisajiliwa Ujerumani na meli zake zilipeperusha bendera ya huko, ila mtaji ulitoka Standard Oil ya New Jersey, kampuni ya mafuta ya Marekani. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ukaitaka Ujerumani ikabidhi meli zake za biashara kufidia zilizopotea vitani, tani kwa tani. Standard Oil wakaja juu: hizi ni zetu, na sisi ni upande wa washindi! Serikali ya Marekani ikawasimamia. Ikafikia hata kuishikilia Imperator, jitu la meli ya abiria ambalo Waingereza walikuwa wakilisubiri, mpaka suala la meli za mafuta lieleweke. Juni 1920 Marekani na Tume ya Fidia, chombo cha washindi cha kusimamia fidia hizo, zikakubaliana kulipeleka shauri kwa wasuluhishi.

Uamuzi ulitoka Agosti 1926, na Standard Oil wakashindwa. Mali ya kampuni ni ya kampuni. Mwenye hisa hupata gawio, yaani mgao wa faida, kampuni ikiwa hai. Ikivunjwa, hupata fungu lake katika kitakachosalia baada ya wadai kulipwa. Basi.

"Lakini wakili, hisa karibu zote ni zangu!" Hata zikiwa zote. Ukitaka meli iwe yako, isajili kwa jina lako, na madeni yake yaje kwa jina hilohilo. Nikifika hapo, wengi hukunja hati yao taratibu na kuirudisha mfukoni.

"Mshindi wa vita huchukua atakacho." Hapana. Kiambatisho cha mkataba kilipima: meli zote za tani 1,600 na zaidi, nusu ya zile za kati ya 1,000 na 1,600, na robo ya vyombo vya uvuvi. Tena kiliandikwa kuwabana wote wenye maslahi katika meli hizo, si serikali ya Ujerumani peke yake. Wanaosaini mikataba bila kusoma viambatisho, nawatazama ninyi.

"Marekani haikuridhia Versailles, kwa hiyo haikuwa na la kusema." Seneti iliukataa kweli, Novemba 1919 na tena Machi 1920. Lakini makubaliano ya meli za mafuta yalifanywa kando, na Tume yenyewe.

"Nahodha Mmarekani, meli ya Kimarekani." Soma cheti cha usajili, palipoandikwa mmiliki.