Oili chafu ikishamwagika, bakteria huila kwa masharti

Nenda gereji yoyote iliyokaa mahali pamoja miaka mingi. Ardhi yake ni nyeusi, imeshikana kama lami, na hata masika yakiingia maji hutuama juu bila kupenya. Watu huniuliza: si mnasema kuna bakteria wanaokula mafuta? Mbona hapa hawajala? Swali hilo nalipenda, maana jibu lake limo katika kazi ya vimeng'enya, zile protini ambazo kila kiumbe hai huzitumia kukata na kuunganisha kemikali.

Ndani ya petroli, dizeli na oili chafu mna kemikali ziitwazo aromatiki. Jina lilitokana na harufu ya zile zilizojulikana mwanzo, na mtu asidhani kwamba kinachonukia hakidhuru. Mojawapo ni benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Umbo lake ni pete ya kaboni sita, na baadhi ya elektroni zake hazikai mahali pamoja bali zimesambaa pete nzima. Kwa hiyo pete hiyo haina kiungo dhaifu cha kuanzia kuivunja.

Ini letu nalo hujaribu. Benzeni ikiingia mwilini, kimeng'enya cha ini huipachika atomu moja ya oksijeni ili iweze kutoka kwa mkojo, lakini baadhi ya kemikali zinazozaliwa hapo hufika kwenye uboho wa mifupa na kuharibu seli zinazotengeneza damu. Bakteria wa udongoni kama Pseudomonas putida wana njia nyingine. Kimeng'enya chao, dioksijenasi, chenye chuma ndani yake, hushika molekuli nzima ya oksijeni na kuzipachika atomu zake zote mbili kwenye kaboni mbili zinazopakana. Hapo uimara wa pete umevurugika. Hatua moja mbele hupatikana katekoli, kemikali ambayo bado ina pete, kisha kimeng'enya kingine, nacho kikitumia oksijeni, huikata pete ikafunguka kuwa mnyororo. Mnyororo huo ni chakula: bakteria huutumia kukua, na kinachobaki hutoka kama kabonidayoksaidi na maji.

Maabara unaweza kuyaona haya kwa macho. Ukiwanyunyizia katekoli bakteria wenye mojawapo ya vimeng'enya hivyo vya kukata pete, hugeuka rangi ya manjano iliyokolea. Jambo lililonivutia zaidi ni la mwaka 1983: watafiti wa Marekani walihamishia jeni za kuvunja naftalini, ile ya vidonge vyeupe vya kabatini, ndani ya bakteria wa aina nyingine, na bakteria hao wakaanza kutoa nili, rangi ileile ya kutia nguo buluu. Kimeng'enya kilikuwa kimekutana na kemikali nyingine yenye pete, kikaifanyia kazi yake ya kawaida.

Zamani wataalamu waliamini kwamba oksijeni inayopachikwa hivi mwilini mwa viumbe hutoka kwenye maji. Mwaka 1955 mwanabiokemia Mjapani Osamu Hayaishi na wenzake walitumia oksijeni nzito, inayoweza kufuatiliwa, wakaonyesha kwamba katekoli inapokatwa, atomu zote mbili zinatoka hewani. Basi penye udongo ulioshindiliwa na kuloweshwa mafuta, hewa haipiti, na bakteria wenyewe wapo lakini hawana cha kukatia.

Alaska, jimbo la Marekani, iliyaonyesha haya kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Katika sehemu za ufuo wataalamu walimwaga mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, na bakteria waliokuwapo tangu awali wakaongeza kasi ya kula mafuta. Lakini zaidi ya miaka 10 baadaye, waliochimba mashimo kwenye fukwe hizo walikuta mafuta yangali chini ya mawe, ambako hewa haifiki vizuri, yakinuka. Wapo pia bakteria wanaovunja pete pasipo oksijeni, ila kwa kawaida mwendo wao ni wa polepole mno.

Kwa hiyo fundi anayetaka kuusafisha udongo wake asikimbilie chupa ya bakteria wa kununua. Alime udongo huo uwe tifutifu, aupe samadi, aunyeshee bila kuuzamisha, na augeuze mara kwa mara kwa miezi mingi. Kemikali zenye pete moja au mbili zitaondoka mapema. Zile zenye pete nne au tano zilizoungana huchelewa sana. Risasi iliyomo kwenye oili chafu haitaondoka kabisa, kwa sababu ni metali, na metali haina pete ya kukatwa. Ndiyo maana nasisitiza pipa lenye mfuniko, na kwamba oili chafu isipakwe kwenye nguzo za uzio ulio karibu na kisima.

Na maji ya kisima yakianza kunuka petroli, acha kuyatumia na utoe taarifa kwa mamlaka ya maji. Usiyachemshe ukidhani umeyatibu: benzeni huruka na mvuke, na aliyesimama jikoni juu ya sufuria ndiye atakayeivuta.