Kidoa kimetolewa usoni, mbona sasa pamekuwa peusi zaidi?

Hapa kliniki ya ngozi Kampala kila wiki hatukosi mtu anaingia na simu mkononi, imejaa picha za shavu lake mwenyewe, na swali ni lile lile, daktari nilitoa kile kinyama cheusi ili uso uwe safi, sasa mbona pamekuwa pabaya kuliko mwanzo? Nikiuliza ni lini, naambiwa wiki tatu. Wiki tatu nyabo! Msingi haujakauka, wewe unauliza rangi ya mabati.

Ngozi inajijenga polepole. Kama kidoa kilikatwa na kushonwa, nyuzi za usoni zinatolewa siku ya 5 mpaka ya 7, maana zikikaa sana zinaacha alama kama reli. Kama kilikwanguliwa au kuchomwa kwa umeme tu, kidonda kinajifunga chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 1 mpaka 3. Halafu sasa ndo kinakuja kipindi kinachotisha watu, kovu linakuwa gumu kidogo, linainuka, linawasha, rangi nyekundu au nyeusi ti. Ni kawaida. Wiki ya pili ngozi ile haina hata asilimia 10 ya nguvu yake ya zamani, miezi 3 inafika kama asilimia 80 na haitarudi tena 100, na kovu lenyewe linaendelea kulainika na kubadilika rangi mpaka mwaka mzima, wengine mwaka na nusu.

Huo weusi nao usikuchanganye. Ngozi yetu sisi ikiumizwa inamwaga rangi, we angalia tu mbu akikung'ata mguuni alama inakaa muda gani. Weusi huo unafifia wenyewe kwa miezi, ila jua linaurudisha nyuma, na sisi ikweta inapita pale Kayabwe barabara ya Masaka, kwa hiyo jua letu si la mchezo. Kidonda kikishafunga vaa kofia pana na upake losheni ya jua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, hasa kama unashinda kwenye boda.

Kuna dada alitoka Busia, wiki ya sita kidonda bado kibichi. Kumbe kila usiku akitoka kuoga anabandua gaga kwa kucha "kikauke haraka", asubuhi anamwagia spiriti, halafu juu anapaka krimu ya kopo lisilo na jina aliyopewa na shangazi yake. Krimu nyingi za hivo zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zinafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara na kidonda kinachelewa kupona. Tulimwambia aache vyote. Maji safi na sabuni mara moja kwa siku, kausha kwa kugusa gusa bila kusugua, paka vaseline, funika na plasta. Vaseline iwe kopo jipya lako peke yako, sio lile la familia ambalo kila mtoto ameshatumbukiza kidole. Watu hawaamini nikisema kidonda chenye unyevu kinapona vizuri kuliko kilichokauka, lakini ndo ukweli, gaga gumu linazuia ngozi mpya kutambaa. Wiki mbili kilikuwa kimefunga. Kashimo kadogo kalibaki na nilimwambia wazi kwamba hako huenda kakapungua ila kuisha kabisa sidhani.

Keloidi je? Kovu la kawaida hata likivimba linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, keloidi inavuka mpaka na kuingia kwenye ngozi ya pembeni ambayo haikuumia, na inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau. Inapenda masikio, kifua, mabega na taya, katikati ya uso ni nadra. Kwa hiyo kama ulitoboa sikio likaota uvimbe, au mama yako anazo, sema KABLA ya kukatwa, usisubiri kuulizwa. Ikianza tunaichoma sindano ya triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, mara nyingi kila mwezi, au tunatumia jeli ya silikoni. Kuikata tu bila kitu kingine inarudi, mara nyingi kubwa zaidi.

Halafu wengi wanaokuja na vidoa vingi vidogo mashavuni, mama anavyo, bibi alikuwa navyo, kama vya Morgan Freeman wa sinema, vile havina madhara yoyote. Vinachomwa juu juu tu, ukizidisha unaacha madoa. Omba wajaribu viwili karibu na sikio kwanza, ukae miezi miwili mitatu uone ngozi yako inajibu vipi.

Ila kuchoma kidoa kwa asidi ya saluni hapana. Mbali na kuchimba shimo, hakuna kinachobaki cha kupeleka maabara, na kidoa kinachokua, kinachotoa damu au kubadilika rangi lazima kipimwe. Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, kwetu watu weusi ni nadra na zaidi inatokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, Bob Marley ilianzia kidole cha mguu ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Rangi nyeusi ikichomoza tena ndani ya kovu, mara nyingi ni mabaki tu, ila rudi na ile karatasi ya maabara tulinganishe.

Maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, pakiwa pa moto, usaha, homa, au jicho likianza kuvimba, njoo siku hiyo hiyo. Na ukija usipake poda, maana tutakutuma bombani kwanza ukanawe ndo tuone tunachoangalia.