Mbwa akivuka mpaka, bunduki ibaki garini

Mbwa wa kuwinda hasomi kibao. Akishanusa kulungu, anapenya uzio na kuzama shamba la watu, nawe umebaki barabarani ukisikiliza anavyobweka kwa mbali. Katika jimbo la Virginia, Marekani, kifungu cha 18.2-136 cha sheria za jimbo hilo kinakuruhusu kumfuata hata kwenye ardhi iliyopigwa marufuku kuwindia. Wawindaji wengi ruhusa hiyo wanaijua. Masharti yake ndiyo yanayowaponyoka.

Msako lazima uwe umeanzia kwingine. Ukimfungulia mbwa kwa makusudi kwenye ardhi yenye alama za kukataza ili awinde bila ridhaa ya mwenyewe, hilo ni kosa la peke yake: faini hadi dola 500, na ukirudia ndani ya miaka 3 unaweza kufungwa hadi miezi 12.

Silaha ndiyo inayochanganya watu. Wawindaji wa mbweha na rakuni (mnyama mdogo wa Amerika mwenye mkia wa mapete) wametajwa peke yao kwamba wanaweza kuwafuata mbwa wao. Anayewinda mnyama mwingine, kulungu au dubu, anaingia kumchukua mbwa tu, bila bunduki wala upinde mwilini, na bila kuwinda chochote humo. Ushauri wangu kwa wote: acha silaha garini. Mwenye shamba anayekuona na bunduki begani hatakuuliza unawinda nini.

Kosa la pili ni gari. Kola ya GPS inaonyesha mbwa yuko mita 900 ndani, na njia ya trekta imenyooka mbele yako. Usiingize pikapu. Gari linahitaji ruhusa ya mwenye ardhi; miguu haihitaji. Beba kamba, maana mbwa aliyechangamka hakufuati kwa kuitwa tu. Ukiulizwa jina, litaje: kukataa makusudi kujitambulisha ni kosa, faini hadi dola 250.

Mwenye ardhi naye ana mipaka yake. Kumvua mbwa kola ya kufuatilia na kuitupa mtaroni ili mwenye mbwa asimpate ni kosa zito kuliko lako la kuficha jina: hadi miezi 12 jela, faini hadi dola 2,500, au vyote viwili.

Jimbo jingine la Marekani, Minnesota, wameandika kwa ufupi zaidi, na kwa maoni yangu vizuri zaidi: kwa miguu, bila bunduki, mchukue mbwa, ondoka mara moja.

Kwenye bamba la kola andika namba ya simu unayobeba porini, si ya nyumbani.