Kwa nini habari ya burudani yenye ucheshi husomwa hadi mwisho

Msomaji wa Nairobi ana haraka. Anafungua simu ndani ya matatu kutoka Githurai kuja mjini, anasoma mistari miwili, makanga anaitisha nauli, anatafuta pesa, anarudi kwenye simu. Ukimwambia kwamba msanii fulani ametoa wimbo mpya, hujampa kitu, maana wimbo wenyewe unamfikia kupitia spika zilizo juu ya kichwa chake. Basi kwa nini anasoma makala nzima kuuhusu, kisha anaituma kwenye kundi la WhatsApp la marafiki zake? Nimekuwa mhariri wa kurasa za burudani kwa muda wa kutosha kuwa na jibu ninaloliamini: anasoma kwa sababu ucheshi mzuri humhakikishia kwamba mwandishi alikuwepo na aliangalia.

Chukua tamasha lililotangazwa kuanza saa moja jioni. Mwandishi mmoja ananiletea sentensi hii: "Tamasha lilichelewa kwa saa kadhaa na mashabiki wakalalamika." Mwingine anaandika: "Mwimbaji alipanda jukwaani saa saba usiku, na kufikia wimbo wa pili mashabiki wa Rongai walikuwa wameacha kucheza, wanahesabu nauli." Ya pili inachekesha, lakini tazama ilichobeba. Ina saa kamili. Inaonyesha watu walitoka wapi kuja kwenye tamasha. Inamkumbusha msomaji kwamba usiku wa manane nauli hupanda, na kwamba aliyelipia tiketi ndiye aliyebeba gharama ya uzembe wa promota. Sentensi ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu aliyelala nyumbani. Ndiyo maana nikipokea makala ya ucheshi, huondoa kwanza mzaha na kutazama kilichobaki. Kama hakuna saa, bei, jina la wimbo wala sura ya ukumbi, hiyo makala bado haijaandikwa.

Mara nyingi, tena, mwandishi hahitaji kutia chumvi hata kidogo, kwani mambo yenyewe yakipangwa vizuri yanachekesha na kuuma kwa pamoja. Mfano ninaoupenda ni filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu nchini iliipiga marufuku kwa sababu ya hadithi yake ya mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasitisha marufuku kwa siku saba, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kuweza kupendekezwa kwa tuzo za Oscar, na watu wa Nairobi wakajaza ukumbi. Panga tarehe hizo tatu moja baada ya nyingine, usiongeze neno. Msomaji ataona mwenyewe kwamba Mkenya alipewa wiki moja ya kutazama kazi ambayo wageni walikuwa wamekwisha kuishangilia. Atacheka, kisha atauliza bodi hiyo inafanya kazi kwa sheria gani, na hapo ndipo uandishi wa burudani unapokuwa umemfikisha kwenye Katiba bila kumchosha.

Wasomaji wetu hawakuanza jana kutaka uandishi wa namna hii. Mwandishi Wahome Mutahi, katika safu yake ya gazetini iitwayo Whispers, aliifanya nyumba moja kuwa nchi nzima: baba anayejiona mkuu, mke aitwaye Thatcher ambaye ndiye mwenye sauti, watoto wanaomzidi ujanja. Watu walisoma mambo ya nyumbani huku wakielewa siasa. Mutahi alijua uzito wa maneno, kwani mwaka 1986 alikamatwa na kuzuiliwa katika jumba la Nyayo, walikoteswa wapinzani wa serikali. Baadaye michezo yake ya kuigiza kwa Kikuyu ilichezwa kwenye mabaa, mahali ambapo watazamaji walikuwa tayari wameketi. Alifariki Julai 2003. Kabla ya hapo, vijana wa kundi la vichekesho la Redykulass walikuwa wameshamwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani, na mwaka 2009 vikaragosi vya XYZ Show, kazi ya mchora katuni Gado, vikaingia sebuleni mwetu. Msomaji aliyelelewa na mambo hayo hawezi kuridhika na taarifa ya promota iliyonakiliwa ilivyo. Anataka kucheka na kujua nani mwenye nguvu na anaitumiaje.

Ukienda nyuma zaidi utaukuta ucheshi huu pwani. Katika taarabu, mpasho humrushia mtu maneno bila kumtaja, na mwenye kujua anajua. Mwanamke anainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, na namna anavyotembea na anakotazama ndiko kunakokamilisha ubeti. Mwandishi wa burudani anafanya jambo hilohilo anapomwachia msomaji nafasi ya kumalizia. Ukieleza mzaha wako umemnyang'anya msomaji sehemu yake, na hiyo sehemu ndiyo inayomfanya aisambaze makala kana kwamba ni yake.

Hapa lazima niseme jambo la kisheria, kwa sababu waandishi wachanga huniambia, "Mhariri, si sijamtaja?" Kutotaja jina hakukulindi ikiwa watu wanaweza kumtambua unayemsema. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwetu. Lakini kesi ya madai bado ipo chini ya Sheria ya Kashfa, na utetezi wa maoni ya haki unahitaji maoni hayo yasimame juu ya ukweli. Kusema albamu inachosha kuanzia wimbo wa nne ni maoni yako, na unayo haki nayo. Kudokeza kwa kicheko kwamba mwimbaji aliiba pesa za tamasha ni madai, na hakimu atakuuliza ushahidi uko wapi.

Kuna mizaha ambayo siipitishi hata kama sheria inairuhusu. Unene wa msanii, meno yake, mtaa wa mabanda alikozaliwa, ndoa iliyovunjika, mtoto anayeugua: hayo hayamhusu mwandishi wa burudani mpaka msanii mwenyewe ayalete jukwaani. Udaku wa aina hiyo unasomwa sana, sikatai. Ila msomaji anaufungua kama anayechungulia dirisha la jirani, na hakumbuki aliyeuandika. Mwandishi anayecheka na kazi, yaani sauti, mpangilio wa ala, mashairi, bei ya tiketi, ahadi zilizovunjwa na waandaaji, ndiye ambaye watu huuliza Ijumaa ikifika: leo ameandika nini?

Vichwa vya habari vya "Hutaamini alichofanya" vinaniudhi kwa sababu hiyohiyo. Vinamficha msomaji habari ili abonyeze. Kichwa chenye ucheshi humpa habari yote palepale, naye anabonyeza kwa sababu ameonja utamu wa sentensi moja na anataka nyingine.

Suala la lugha bado ni bishano kwenye meza yetu. Wapo wanaosema ucheshi wa Nairobi ni wa Sheng' pekee na kwamba Kiswahili sanifu kimevaa tai. Sikubali. Sheng' ina kasi, na tunaitumia pale anayenukuliwa ameisema, lakini msamiati wake hubadilika upesi na msomaji wa Kayole anaweza asielewane na wa Kibera. Kiswahili kina methali ambazo kila mtu amezisikia tangu shuleni, na ukigeuza neno moja tu la methali hiyo msomaji anang'amua papo hapo. Wiki hii tumeanza kuwataka waandishi wetu walete uhakiki wa wimbo mmoja kwa aya tatu, Kiswahili kitupu, na kila aya iwe na jambo ambalo mtu aliyesikia wimbo mara moja tu hangeligundua.